Mstari wa Kumi na Nne

Ofisini walimwita Bi Wembe. Mgeni alidhani ni kwa ajili ya ule wembe aliokwangulia wino uliokosewa kwenye ramani, lakini wenyeji walijua wembe ulikuwa mdomoni. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni, na kwa miaka thelathini alikuwa amefanya kazi moja ambayo hata ndugu zake hawakuweza kuieleza kwa majirani: kusoma miamba iliyo chini ya ardhi, kilomita mbili tatu kwenda chini, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika.

Kazi yenyewe, ukiondoa majivuno ya wenye kazi, ni hivi. Malori mazito yanapita porini kwa mstari mmoja, na kila baada ya hatua kadhaa yanasimama na kuitikisa ardhi. Mtikisiko unashuka, unagonga tabaka la mchanga, tabaka la udongo, tabaka la chokaa, na kila tabaka linarudisha mwangwi wake. Vinasa sauti vilivyochomekwa ardhini vinaudaka. Mwisho wa yote unapata karatasi ndefu kama shuka, imejaa michirizi myeusi na myeupe iliyolaliana, kama ubavu wa godoro la zamani lililokatwa kwa kisu. Kila mchirizi mweusi ni tabaka. Msomaji anachukua penseli ya rangi, anachagua mchirizi mmoja, anaufuata karatasi hadi karatasi. Ukikatika na kutokea chini kidogo upande wa pili, basi hapo pana ufa: ardhi ilivunjika zamani sana na upande mmoja ukazama. Bonde zima walilokuwa wakilisoma lilikuwa hivyo, mashapo juu ya mashapo yaliyoletwa na mito iliyokwisha kufa, na katikati ya mashapo hayo, wakubwa walitumaini, kulikuwa na mafuta.

Chumba cha wasomaji kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la jirani. Katikati lilisimama kabati la chuma la droo kumi na mbili, refu kuliko mtu, lililosukumwa hapo kwa ajili ya chuki tu, maana nafasi ilikuwepo tele. Upande huu wa kabati alikaa Bi Wembe, akasoma nusu ya mashariki ya bonde. Upande ule alikaa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, akasoma nusu ya magharibi. Huyo walimwita Bwana Taratibu. Alikuwa mtu wa kufikiri dakika nzima kabla ya kujibu habari za asubuhi, na miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita bila yeye na Bi Wembe kusemezana hata neno.

Waliongea kupitia Tarishi, mtu mzima aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu na ambaye hakuna kilichomshangaza tena.

"Bwana Tarishi, mwambie huyo wa nyuma ya kabati apunguze redio."

"Anasema upunguze redio," Tarishi angesema bila hata kugeuka, kwa kuwa wote watatu walikuwa chumba kimoja na waliisikia redio sawasawa.

Dakika ingepita. "Mwambie si yangu. Ni ya chumba cha pili."

"Anasema si yake, ni ya..."

"Nimesikia, sina ugonjwa wa masikio. Mwambie basi apunguze kupumua."

Chanzo hakikuwa kidogo, na mtu asicheke kabla ya kukisikia. Mwaka ule Bi Wembe alikuwa porini na kikosi cha malori, siku thelathini na mbili kwenye kambi ya mahema. Kila jioni saa kumi na mbili kambi iliongea na ofisi kwa simu ya upepo: leteni dizeli, leteni unga, leteni betri. Dada yake aliugua siku tisa. Jioni tisa simu ilipigwa, jioni tisa habari za unga na betri zilisomwa, na hakuna aliyesema mgonjwa yuko hoi. Mume wa mgonjwa alifanya kazi hatua kumi kutoka ilipo simu hiyo. Bi Wembe alirudi juu ya lori, vumbi hadi kwenye kope, akafika kwenye geti la dada yake akakuta viti vya wageni vinapakiwa kurudishwa vilikoazimwa. Akauliza kuna nini. Shemeji yake akasimama mbele yake, akafikiri, akasema, "Nilidhani atapona."

Ndivyo alivyosema, maneno mawili. Hata pole hakusema. Bi Wembe alimjibu mbele ya watu wote: "Kuanzia leo usinisemeshe mpaka nife. Ukinisemesha nitapiga mayowe barabarani." Akageuka hapo hapo getini, na ndani hakuingia.

Katika ofisi ile ambayo ahadi zilivunjwa kila siku, hiyo moja ilitunzwa. Mwaka wa kwanza shemeji alijaribu kuleta barua, zimekunjwa vizuri, Tarishi anazishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Bi Wembe alizichana bila kuzifungua. Barua zikakoma.

Sasa ulikuwepo mstari wa kumi na nne. Mistari ya mashariki yote iliishia hapo, na ya magharibi yote iliishia hapo, kwa kuwa hapo malori yaliifuata barabara kuu ya vumbi iliyolikata bonde katikati. Huo ndio ulikuwa mpaka wa wasomaji wawili. Utaratibu wa kazi ulisema karatasi ya mpaka isomwe na wote wawili, meza moja, siku moja, penseli moja, ili tabaka alilolifuata huyu liwe ndilo lile lile alilolifuata yule. Haikusomwa hivyo. Kila mmoja alijichapishia nakala yake, akaipaka rangi peke yake, akaifungia kwenye droo yake. Mkuu wa idara, bwana mmoja mnene aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa kuchoronga kisima kikavu, kila mwaka aliandika katika taarifa yake kwamba kuoanisha mpaka "kunaendelea". Kuliendelea miaka kumi na mitatu, na mkuu akapandishwa cheo mara mbili.

Katikati ya watu hawa wawili alikuwepo binti. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu, miaka kumi na mitatu mama yake alipofariki, sasa ishirini na sita. Alikuwa amesomea miamba, akarudi na shahada, akapewa meza ghorofa ya juu kama mjiolojia wa visima, yaani yule anayesema mtambo usimame wapi. Aliishi kwa baba yake. Jumamosi alikula kwa Bi Wembe, aliyemwita mama mdogo. Alianza kuja mwenyewe, miezi kadhaa baada ya msiba, kwa miguu, na mfuko wa madaftari, na Bi Wembe hakuwahi kumuuliza kwa nini amekuja wala kwa nini hakuja mapema. Alimfungulia mlango tu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na Jumamosi.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Bi Wembe hakutaka chochote duniani isipokuwa binti huyu awe wake. Binti akicheka sana mezani, aliona ni ushindi. Binti akisema "Baba kaninunulia buti," alianza kuondoa sahani. Lakini Bi Wembe hakuwahi kumsema vibaya baba huyo mbele ya binti, maana alijua binti angeamka aondoke. Alingoja. Aliamini siku moja mtoto ataona kwa macho yake, kwa ushahidi, baba yake ni mtu wa namna gani.

Ushahidi ukaja kwa mlango wa kazini.

Binti alikuwa wa kwanza katika ofisi ile kuchukua ramani mbili, ya mama mdogo na ya baba, na kuziunganisha kwenye kompyuta. Alichokipata kilimfanya apige kelele ya furaha ngazini. Tabaka la mchanga, lile linaloweza kushika mafuta, lilipanda polepole kutoka magharibi, likafika mpakani, likakatika. Upande wa mashariki lilitokea mita sitini chini. Ufa! Ufa mkubwa, kilomita kumi na nane, na nyuma yake mchanga umezibwa na udongo mgumu, kama chupa iliyowekewa kizibo. Mafuta yakipanda kutoka magharibi yangekwama hapo hapo.

Ufa huo ulinyooka kama barabara, na kwa kweli uliifuata barabara, kona kwa kona. Mtu mwenye akili zake angeshtuka hapo, kwa kuwa ardhi ilivunjika mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuwaza barabara. Hakuna aliyeshtuka. Mkuu wa idara alishika ramani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Binti, kwa kuwa alikuwa makini, alikwenda kuuliza pande zote mbili.

"Mama mdogo, huu ufa wa mpakani unauonaje?"

"Huo uko kwake, mwanangu. Kwangu ni safi."

Akazunguka kabati. Bwana Taratibu akafikiri dakika yake. "Utakuwa umekaa upande wa mashariki."

Watu wawili wenye miaka sitini ya kazi baina yao, kila mmoja anasema ufa hauko kwake, uko kwa mwenzake, na binti akaondoka akidhani wamekubaliana kwamba ufa upo! Kosa hili wangelifanya hao wawili tu, na walilifanya kwa fahari. Vigingi vyeupe vikachomekwa karibu na barabara. Mtambo wa kuchoronga ukapakiwa kwenye malori kumi na moja. Ofisi nzima ikaita mahali pale Kisima cha Binti.

Alhamisi binti alileta karatasi ya idhini. Ilikuwa na visanduku viwili vya sahihi, msomaji wa mashariki na msomaji wa magharibi, na cha magharibi kilikuwa kimeshajazwa.

"Kikao ni Jumatatu saa tatu," binti alisema. Alikuwa akirukaruka kwa miguu kama mtu aliyebanwa haja. "Weka sahihi, mama mdogo."

"Iache hapo. Mimi siweki jina langu kando ya jina la mtu kabla sijaangalia alichosoma."

"Mama mdogo jamani."

"Iache, nimesema."

Mchana, yule wa nyuma ya kabati alipotoka kwenda kula, Bi Wembe alimtuma Tarishi amtolee nakala ya mstari wa kumi na nne kwenye droo ya upande ule. Tarishi alisema hiyo si kazi yake. Bi Wembe alimwambia pia si kazi yake kusinzia stoo kila Ijumaa. Karatasi ikaja.

Aliilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini, akaweka yake juu yake, akazipanga namba kwa namba. Mwanga ukapenya karatasi zote mbili. Kijani chake, rangi waliyopakia tabaka la mchanga, kilikuwa kwenye mchirizi mmoja. Kijani cha shemeji kilikuwa kwenye mchirizi wa juu yake. Akasogea hadi mwisho wa karatasi, kilomita kumi na nane, na kote rangi mbili zilikwenda sambamba kama reli, hazikukutana mahali popote.

Alielewa mara moja. Hapakuwa na ufa. Watu wawili walifuata matabaka mawili tofauti na kuyaita jina moja, na kompyuta, ambayo haina akili wala aibu, ikajaza pengo kwa kuvunja ardhi. Mchanga haukukatika. Ulipita chini ya barabara na kuendelea kupanda mashariki, na mafuta, kama yaliwahi kuwepo, yalipita nao. Mtambo ulikuwa unakwenda kuchoronga kizibo cha chupa isiyokuwepo.

Mmoja wao alikuwa ameruka mchirizi, na Bi Wembe hakuhitaji kuambiwa nani. Alifurahi. Furaha kabisa, tusimpake rangi nzuri. Miaka kumi na mitatu alingoja, na sasa mtu yule alikuwa amechora upuuzi, akautia sahihi, akamwacha mwanawe mwenyewe apeleke mtambo huko.

Njia ya kujua nani ameruka ilikuwepo, na Bi Wembe ndiye aliyewafundisha wote waliompitia: funga mzunguko wako. Anza kwenye kisima cha zamani ambacho matabaka yake yanajulikana, fuata rangi yako mstari hadi mstari mpaka urudi pale ulipoanzia. Ukirudi kwenye mchirizi ule ule, uko salama. Ukirudi kwenye mwingine, umeruka mahali. Aliwahi kuwatoa watu wazima machozi kwa kuwaambia wafunge mizunguko yao. Ijumaa yote droo yake ilikuwa mbele ya magoti yake, na hakuifungua.

Jumamosi binti alikuja na buti mpya, akazivaa ndani ya nyumba ili zilegee kabla ya safari. Alikula haraka, kisha akasimama katikati ya sebule na kuisoma hotuba yake ya Jumatatu, akionyesha kwa kijiko mahali ambapo ramani itakuwa.

"Nikifika hapa kwenye ufa, nipumzike kidogo au niendelee?"

"Pumzika," Bi Wembe alisema.

"Utakaa mbele, eeh? Nikikuona sitetemeki."

"Nitakaa mbele."

Alitaka kusema. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini akiambiwa leo, mtoto atakimbia kwa baba yake, na baba yake atapata dakika yake ya kufikiri, na siku mbili zaidi, na atakuja Jumatatu na maelezo yaliyopigwa pasi. La. Adakwe mbele ya watu, na binti aone. Kisima kingine kitapatikana, alijiambia. Akaosha vyombo, akamfungia binti mabaki ya chakula.

Jumatatu chumba cha mikutano kilijaa. Mkuu wa idara alikaa kichwani mwa meza. Fundi mkuu wa kuchoronga, mtu wa mabega mapana aliyechukia vikao, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Bwana Taratibu alikaa dirishani. Bi Wembe alikaa mbele kama alivyoahidi, mrija wa karatasi magotini. Binti alisema vizuri, bila kutetemeka. Alipofika kwenye ufa akapumzika kidogo.

Bi Wembe akasimama. "Hakuna ufa hapo."

Mkuu wa idara akatabasamu kwa woga. "Mama, tungoje mpaka..."

"Hakuna cha kungoja, labda ungoje kisima kikauke. Hakuna ufa." Alizitandaza nakala mbili mezani, moja juu ya nyingine, akaelekeza kidole. "Huu ni mstari wa kumi na nne. Hii yangu, hii ya huyo bwana. Ardhi ni moja, siku moja, lori moja. Angalieni rangi. Mtu mmoja hapa hajui kufuata mchirizi mweusi kwenye karatasi nyeupe, kazi ambayo hata mwenye mtoto wa jicho angeiweza. Na amemwacha mtoto wake wa kumzaa aje kusimama mbele yenu na uchafu huo. Hakumwambia kitu. Hiyo ndiyo tabia yake. Watu wakiwa wanaangamia, yeye hasemi."

Binti aliinama juu ya karatasi. Alikuwa msomaji mzuri, hakuhitaji kurudiwa. Uso wake ulibadilika taratibu, kisha akamwangalia Bi Wembe, si baba yake. "Umeliona lini hili?"

"Alhamisi."

"Jumamosi ulikuwa unajua?"

Bi Wembe alianza kuzinyoosha kingo za karatasi. Fundi mkuu aliuliza kama malori yaondoke au yasiondoke, kwa sababu yeye alichotaka ni neno moja tu. Hakuna aliyempa.

Ndipo Bwana Taratibu alipoongea. Hakumwangalia Tarishi, hakumwangalia mkuu. Alimwangalia Bi Wembe. "Funga mzunguko wako."

"Nani amekuruhusu kunisemesha?" Bi Wembe alisema.

"Funga mzunguko wako. Nilikuandikia. Barua tatu, mwaka ule ule."

"Sikuzisoma."

"Najua. Nilizikuta kwenye pipa."

"Baba," binti alisema. "Baba, wewe nawe ulijua?"

Dakika ilipita, na kwa mara ya kwanza wote waliingoja. "Nilijua zamani rangi hazikutani. Nilidhani amesharekebisha."

"Wewe na kudhani kwako!" Bi Wembe alifoka. "Utadhani mpaka utuzike wote!"

"Tunakula meza moja kila siku, Baba," binti alisema. "Nilikuuliza. Ukanijibu uko mashariki."

Mkuu wa idara, akifuta shingo kwa leso, alisema basi mzunguko ufungwe, ufungwe sasa hivi, na aufunge binti, kwa kuwa yeye pande zote mbili ni zake. Tarishi akatumwa kwenye droo ya Bi Wembe. Alirudi na karatasi tatu begani kama fundi wa mazulia.

Binti alivua koti. Alianza kwenye kisima cha tatu, mstari wa thelathini na moja. Alihesabu kwa ncha ya penseli: kutoka mchirizi mnene wa chini, ule ambao hata kipofu angeuona, kijani kilikuwa juu kwa michirizi mitatu. Akafuata. Alipofika pale mistari inapokatana, aliikunja karatasi wima, akaliweka kunjo juu ya mstari wa ishirini na mbili, akalinganisha michirizi, akaendelea. Mitatu. Mitatu. Kati ya kituo cha lori namba mia tatu na arobaini na namba mia tatu na sitini tabaka moja lilikonda, michirizi miwili ikabanana ikawa mmoja, kisha ikaachana tena. Kijani kiliingia pale na wa juu. Kilitoka na wa chini.

Binti alihesabu tena. "Miwili," alisema.

Bi Wembe aliona kabla hajamaliza kusema. Alisogea karibu, akavaa miwani, akavua. Mstari wa kumi na nne, miwili. Mstari wa tisa wa kurudi nyumbani, yaani kwenye kisima cha tatu, miwili njia nzima, mpaka karibu kabisa na mwisho, ambapo ulisimama mchoro mfupi wa penseli nyekundu, alama ya ufa, na baada ya nyekundu hiyo kijani kilipanda kikawa tena mitatu.

"Na hapa umeweka ufa," binti alisema. "Mbona michirizi haijakatika? Imepita moja kwa moja."

Kila msomaji aliyekuwepo aliijua hila hiyo. Ni ya mvivu aliyerudi nyumbani akakuta rangi hazikutani, na badala ya kutafuta aliporuka anavunja ardhi kidogo, kapenseli kekundu tu, mambo yakae. Bi Wembe alikuwa amefukuzisha watu kazi kwa ajili yake. Alijaribu kukumbuka siku alipokaa akaichora na hakuikumbuka. Mkono ulikuwa wake. Hata namna ya kuikandamiza penseli ilikuwa yake.

Kwenye kona ya kila karatasi, kama ilivyo desturi ya kazi, palikuwa na jina la msomaji na tarehe. Binti aliisoma ya ishirini na mbili. Akaisoma ya kumi na nne, na ya tisa. Aliweka kidole pale na hakukitoa.

"Hii ni wiki aliyozikwa mama," alisema.

"Mwanangu," Bi Wembe alisema. "Wiki ile mimi sikuwa na akili zangu. Sikujua hata..."

"Najua ulikuwa wapi. Ulikuwa hapa." Sauti yake haikupanda. Alikuwa akiiambia karatasi zaidi kuliko watu. "Siku ile ulifika getini ukageuka. Nilikuona kutoka dirishani. Nikadhani umekwenda kubadilisha nguo kwa sababu ya vumbi. Nikakungoja. Siku nne nilikaa kwenye lile dirisha, mama mdogo. Nilikataa kula na watu wengine. Baba akasema tusikusumbue, una kazi."

Bwana Taratibu alitazama nje.

"Nikasema basi itakuwa kazi kubwa sana, hiyo kazi, kama imekuzuia kuja kwangu. Lazima iwe kitu cha maana kuliko vyote. Nikajiambia nikikua nitaisoma nijue ni nini."

Bi Wembe aliinua mkono kuelekea begani kwa binti. Binti alisogea, kidogo tu, kumpisha afike kwenye kiti, kama mtu anavyompisha mgeni kwenye ujia mwembamba. Fundi mkuu alikuwa ameacha kuchezea funguo. Mkuu wa idara alikuwa akisoma ajenda iliyokuwa imeshakwisha.

"Kumbe ndiyo hii," binti alisema.

Kisha akaikunja karatasi ya ishirini na mbili mara mbili, akaiweka kwapani, akatoka nayo kwenda kuwaonyesha madereva wa mtambo kwa nini hawaondoki tena.